Kazi ya Gaudí Baada ya Gaudí: Nani Ana Haki ya Kumalizia Alichokiacha Mtunzi?

Utangulizi

Suala la umiliki wa kazi ya sanaa baada ya mtunzi wake kuaga dunia ni suala kongwe katika uhakiki wa fasihi. Wahakiki wamelijadili kwa kurejelea miswada iliyoachwa nusu, tenzi zilizonakiliwa kwa mikono mingi na ngano ambazo kila fanani huzisimulia kwa namna yake. Aghalabu mjadala huo huanza na kuishia kwenye karatasi. Hata hivyo, upo mfano mmoja ambao umejadiliwa kwa mawe, kwa saruji na kwa mamilioni ya fedha kwa karne nzima. Mfano huo ni kanisa la Sagrada Família, yaani Familia Takatifu, lililoko mjini Barcelona katika jimbo la Katalunya nchini Uhispania. Mtunzi wake ni msanifu majengo Antoni Gaudí (1852-1926).

Huenda msomaji akauliza Mkatalani huyu ana nini cha kumfaa mwanafunzi wa Kiswahili. Jibu limo katika lugha yenyewe. Neno usanifu hutumiwa kwa majengo na hutumiwa kwa lugha pia. Ubeti, ambao ndio kipimo cha utungo, una nasaba na neno la Kiarabu ambalo maana yake ya kwanza ni nyumba. Walioasisi istilahi hizo walitambua kuwa anayepanga mishororo na anayepanga mawe wanakabiliwa na maswali yanayofanana: uzito utabebwa na nini, nafasi itaachwa wapi, na mgeni ataingilia mlango upi.

Msimamo wa makala haya ni kwamba kazi ya Gaudí ilistahili kuendelezwa baada ya kifo chake, kwa kuwa aliacha kanuni ambazo mtu mwingine anaweza kuzisoma na kuzifuata. Lakini haki hiyo ina mpaka. Mpaka wenyewe ni pale ambapo kanuni hazisemi tena, na ambapo gharama ya kuendelea inadaiwa watu wasiokuwa na deni lolote.

Mwana wa Mfua Shaba

Gaudí alizaliwa Juni 25, 1852 katika eneo la Reus, kusini mwa Katalunya. Baba na babu zake walikuwa wafua shaba, watu wa kuchukua bamba bapa na kuligonga hadi likawa chombo chenye tumbo. Yeye mwenyewe aliunasibisha uwezo wake wa kuliona umbo kabla halijatokea na karakana hiyo ya babake. Utotoni alisumbuliwa na baridi yabisi. Alipokuwa hawezi kukimbia na wenzake, alijizoesha kutazama kwa makini mimea, wanyama na miamba ya kwao.

Mwaka wa 1878 alifuzu usanifu majengo mjini Barcelona. Husimuliwa kwamba mkuu wa chuo chake, Elies Rogent, alisema kuwa hajui kama shahada ile imempata mwendawazimu au mtu wa kipaji cha pekee. Kauli hiyo, kama kauli nyingi zinazopendeza masikio, imemdhuru aliyesemewa. Tangu hapo Gaudí amesomwa na wengi kama mwotaji aliyeyaacha mawe yayeyuke kama nta. Mwandishi Mwingereza George Orwell, katika kitabu chake kuhusu vita vya Uhispania kilichochapishwa mwaka wa 1938, aliliorodhesha kanisa hili miongoni mwa majengo mabaya zaidi duniani na kuwalaumu wanamapinduzi kwa kutolilipua walipokuwa na fursa. Hata wanaomsifu Gaudí leo humsifu kwa kosa lile lile: huvutiwa na mizunguko na rangi zake, wakadhani kwamba mtu huyu hakuwa na sheria.

Ni usomaji wa juu juu. Mgala muue na haki yake umpe. Gaudí alikuwa mtu wa kanuni kuliko wengi wa wale walioitwa watu wa kanuni katika zama zake.

Sarufi ya Maumbile

Kiswahili kina neno moja, asili, linalobeba maana mbili ambazo lugha nyingine huzitenganisha: chimbuko la kitu, na maumbile yenyewe. Mtu akitaka kuieleza falsafa ya Gaudí kwa neno moja, hilo latosha. Aliamini kuwa msanii hawi wa pekee kwa kubuni kisichokuwako. Huwa wa pekee kwa kurudi kwenye chimbuko, na kwake chimbuko lilikuwa viumbe na nguvu zinazovishikilia. Hakuutazama mti ili kuuchora ukutani. Aliuliza mti husimamaje.

Mathalani, uchukue mnyororo, uushike ncha zake mbili na uuache uning'inie. Mnyororo utajichorea mkunjo wake wenyewe. Mkunjo huo ukigeuzwa juu chini huwa tao linalobeba uzito wake kwa mgandamizo pekee. Gaudí aliifanya kanuni hii kuwa kalamu yake. Alipopewa na tajiri Eusebi Güell kazi ya kujenga kanisa la wafanyakazi wa kiwanda cha nguo, kwenye kijiji kinachoitwa Colònia Güell, alitumia takriban miaka kumi kuunda kielelezo cha nyuzi zilizoning'inizwa kutoka darini. Kila uzi ulifungwa vifuko vidogo vyenye punje za risasi, na uzito wa vifuko ulilingana kwa uwiano na uzito ambao tao husika lingebeba. Nyuzi zilipotulia, alizipiga picha. Kisha aliigeuza picha juu chini, na kanisa likawa limesimama. Ujenzi ulianza mwaka wa 1908 na kusitishwa mwaka wa 1914, na ni sehemu ya chini pekee iliyokamilika. Hata hivyo, sehemu hiyo moja yaonyesha wazi kuwa nguzo zilizoinama humo ziliinamishwa na hesabu.

Katika miaka yake ya mwisho alisonga mbele zaidi. Aligundua kwamba nyuso nyingi zinazoonekana kupinda katika maumbile zaweza kufanywa kwa mistari iliyonyooka, kama mfumaji anyooshavyo nyuzi baina ya fito mbili zilizokaa mshazari. Shule ndogo aliyowajengea watoto wa mafundi kando ya kanisa mwaka wa 1909 ni ushahidi mzuri. Paa lake ni mawimbi matupu, lakini boriti zilizolibeba zimenyooka. Msanifu majengo mashuhuri Le Corbusier alipolizuru jengo hilo mwaka wa 1928 alilistaajabia, ingawa yeye mwenyewe ndiye aliyekuja kuwa kinara wa majengo ya pembe na mistari.

Faida ya kanuni hiyo ni kubwa. Uso unaofanywa kwa mistari iliyonyooka waweza kuelezwa kwa tarakimu chache, na fundi asiyewahi kumwona mtunzi akaujenga sawasawa. Hapa ndipo Gaudí anapotofautiana na mchongaji ambaye umbo lake limo katika vidole vyake pekee. Mchongaji huyo akifa, kazi hufa naye. Gaudí aliacha sarufi. Mwenye kuijua sarufi aweza kutunga sentensi ambayo mwenye lugha hakuwahi kuitamka, na sentensi hiyo ikawa sahihi.

Maumbile Yanayosali

Ujenzi wa Sagrada Família ulianza Machi 19, 1882 chini ya msanifu mwingine, Francisco de Paula del Villar. Gaudí aliupokea mwaka wa 1883 akiwa na umri wa miaka 31, na kuanzia mwaka wa 1914 hakushughulikia kazi nyingine yoyote. Kanisa lilikusudiwa kuwa la malipizi, yaani la kutubia dhambi za watu, na kwa sababu hiyo lilijengwa kwa sadaka. Fedha zilipokatika, kazi ilisimama. Husimuliwa kuwa alipoulizwa sababu ya kukawia, alijibu kwamba mwenye jengo hana haraka, akimaanisha Mungu.

Uso wa mashariki, unaosimulia kuzaliwa kwa Yesu, ndio alioushughulikia zaidi akiwa hai. Humo mimea ya Katalunya imechipuka kwenye mawe, na juu kabisa umesimama mberoshi wenye njiwa weupe. Baadhi ya sanamu zilitokana na kalibu za jasi alizowafanyia watu na wanyama halisi wa mtaani. Chini ya nguzo mbili za uso huo wamelala wanyama wawili ambao Kiswahili kinawatofautisha vyema: kasa upande wa bahari, na kobe upande wa milima. Mtazamaji asiyejua lolote kuhusu teolojia huelewa papo hapo kuwa bahari na nchi kavu zimekuja kulibeba tukio moja. Hiyo ni jazanda iliyokomaa. Haihitaji tanbihi.

Ndani, nguzo huinuka kama mashina na kugawanyika matawi karibu na dari. Aina ya jiwe hubadilika kulingana na mzigo, kuanzia mchanga-jiwe hadi aina ngumu zaidi kwa nguzo zinazobeba minara mikubwa. Mnara wa kati, uliowekwa wakfu kwa Yesu Kristo, ulipangiwa urefu wa mita 172.5. Kipimo hicho kiko chini kidogo ya kilele cha kilima cha Montjuïc kilichoko mjini humo, kwa kuwa Gaudí aliona si adabu kazi ya binadamu kuipita kazi ya Mungu. Msanii aliyeota bila mipaka asingejiwekea mpaka kama huo.

Inafaa pia kutaja kwamba Afrika ina fungu lake katika historia hii. Kati ya mwaka wa 1892 na 1893 Gaudí alisanifu jengo la wamisionari Wafransisko mjini Tangier, Moroko. Halikujengwa. Lakini minara yake mirefu iliyochongoka inafanana mno na ile aliyoiinua baadaye Barcelona, na wataalamu huuona mradi huo kama rasimu ya kwanza ya minara ya Sagrada Família. Mtunzi mwenyewe, basi, alikuwa wa kwanza kuokoa kazi yake isiyokamilika na kuihamishia kwenye nyingine.

Kifo na Moto

Jioni ya Juni 7, 1926 Gaudí aligongwa na tramu. Mavazi yake yalikuwa yamechakaa, akadhaniwa kuwa ombaomba na kupelekwa katika hospitali ya maskini. Alifariki Juni 10 na kuzikwa ndani ya kanisa lake. Kati ya minara 18 iliyokuwa imepangwa, mmoja tu, ule wa Mtume Barnaba, ndio uliokuwa umekamilika tangu Novemba 1925.

Miaka kumi baadaye pigo lingine lilikuja. Julai 1936, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka, wanamapinduzi waliichoma karakana ya kanisa. Michoro iliteketea. Vielelezo vya jasi, ambavyo mzee huyo alikuwa amevitumia kuwaachia wafuasi wake maelekezo, vilipondwapondwa. Domènec Sugrañes, aliyerithi kazi, alifariki mwaka wa 1938. Waliobaki waliokota vipande vya jasi kwenye majivu, wakavipanga na kuvipima upya, kazi iliyowachukua miongo kadhaa.

Hoja za Pande Mbili

Ni katika hali hiyo ambapo mwaka wa 1965 kundi la wasanifu majengo, wasanii na wasomi lilichapisha barua ya kutaka ujenzi usitishwe. Miongoni mwa waliotia saini alikuwa Le Corbusier, yule yule aliyestaajabia paa la shule. Hoja yao ilikuwa nzito: mtunzi amekufa, michoro imeungua, na kinachojengwa ni uigaji unaopewa jina lake.

Hoja hiyo haiwezi kutupiliwa mbali kwa mzaha. Kila mhariri wa muswada wa marehemu anaijua hatari ya kuongeza mistari na kuipitisha kama ya mtunzi. Hata hivyo, waliotia saini walikosea mahali pawili. Kwanza, walimsoma Gaudí kama mchongaji, mtu ambaye thamani yake yote imo katika mguso wa mkono. Yaliyotokea baadaye yaliwajibu. Kuanzia mwaka wa 1979 Mark Burry, msanifu majengo kutoka New Zealand, alichunguza vipande vya jasi vilivyookolewa ili kuifufua jometri iliyoviunda. Baadaye walitumia programu za kompyuta zilizobuniwa kwa ajili ya utengenezaji wa ndege, na vipande vikathibitisha kuwa vinatii kanuni. Sehemu kuu ya ndani ilikamilika na kuwekwa wakfu na Papa Benedikto wa 16 Novemba 7, 2010. Anayesimama humo anaisoma lugha ya Gaudí, hata kama sauti ni za wengine.

Pili, waliupuuza mpango wa mtunzi mwenyewe. Gaudí alijua hatalimaliza kanisa. Badala ya kuinua msingi wote kwa pamoja, aliuinua uso mmoja kwanza kwenda juu, ili kizazi kijacho kione kilichoanzwa na kishindwe kukiacha. Alikubali kuwa watakaokuja watakuwa na mitindo yao. Roland Barthes aliandika kuhusu kifo cha mwandishi mwaka wa 1967. Gaudí alikuwa ameshakiingiza kifo chake katika ramani.

Ushahidi wa kwamba mlango huo wa mitindo ulikuwa wazi ni wachongaji wawili waliofuata njia tofauti. Mjapani Etsuro Sotoo, aliyeanza kazi hapo mwaka wa 1978, alijifunza mawazo ya Gaudí kiasi cha kuingia katika imani yake. Malaika wake wapiga muziki kwenye uso wa kuzaliwa hukaa kama kwamba wamekuwepo siku zote. Josep Maria Subirachs, aliyeanza kuuchonga uso wa mateso mwaka wa 1987, alikataa kata kata kuiga. Sanamu zake ni za pembe na mikwaruzo, na wengi walimlaani. Makala haya yanaona kuwa Subirachs alikuwa mkweli zaidi kati ya wanaoendeleza kazi ya mwingine. Aliufuata mpangilio ambao Gaudí alikuwa ameuchora, lakini hakumwekea marehemu maneno kinywani. Mtazamaji anajua ni wapi sauti moja inakoma na nyingine inaanza. Kimsingi, huo ndio uadilifu unaodaiwa kwa mhariri yeyote.

Mpaka

Mwaka wa 1984 UNESCO iliziingiza baadhi ya kazi za Gaudí katika orodha ya turathi za dunia, na mwaka wa 2005 ikaongeza nyingine. Yafaa izingatiwe kuwa katika Sagrada Família ni uso wa kuzaliwa na chumba cha chini tu vilivyoorodheshwa, yaani zile sehemu zilizojengwa mtunzi akiwa hai. Kwa hiyo hata wahifadhi wametofautisha matini asilia na nyongeza.

Suala gumu zaidi lingalipo. Uso wa tatu, ule wa utukufu, ndio unaotarajiwa kuwa lango kuu la kanisa. Maelekezo ya Gaudí kuuhusu ni machache kuliko ya sehemu nyingine. Wasimamizi wanashikilia kuwa mpango wake ulihitaji ngazi pana itakayovuka barabara ya Mallorca. Mkabala na mahali hapo pana majengo ya makazi, na ngazi hiyo ikijengwa, baadhi yake itabidi yabomolewe. Wakazi wamepinga kwa miaka mingi, wakisema kuwa ngazi haikuwa ya Gaudí. Wenye kanisa wanasema ilikuwa yake.

Hapa ndipo hoja ya sarufi inapokoma. Jometri yaweza kumwambia fundi nguzo igawanyike wapi. Haiwezi kumwambia iwapo familia fulani ihame. Hata kama ingethibitishwa kuwa Gaudí aliichora ngazi hiyo kwa mkono wake, aliichora wakati mtaa huo ulikuwa bado haujajaa watu. Mtunzi aliyetazama kwanza ardhi ilivyo kabla ya kujenga, aliyeinamisha nguzo za bustani ya Park Güell zifuate mteremko wa kilima na kuyakusanya maji ya mvua kupitia ndani ya nguzo zake, asingeupuuza mji uliokwisha kumea. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika mpango huu mgeni anafunguliwa ngazi na mwenyeji anatafutiwa pa kuhamia.

Zaidi ya hayo, kanisa lenyewe lina deni kwa mji. Ombi la kibali cha ujenzi liliwasilishwa mwaka wa 1885 kwa manispaa ya wakati huo, na kibali halali cha jiji la Barcelona kilitolewa mwaka wa 2019, baada ya makubaliano ya mwaka wa 2018 ya kulilipa jiji euro milioni 36 kwa muda wa miaka kumi. Jengo lililosimama kwa subira ya jirani kwa zaidi ya miaka 130 halina sauti ya kumharakisha jirani huyo leo.

Hitimisho

Oktoba 2025 mnara wa kati uliupita ule wa kanisa la Ulm nchini Ujerumani, na Sagrada Família ikawa kanisa refu kuliko yote duniani. Aprili mwaka huo huo Papa Fransisko alikuwa amempa Gaudí cheo cha mtumishi wa Mungu anayestahili heshima, hatua mojawapo ya kumwelekea utakatifu. Katika shamrashamra hizo ni rahisi kusahau kwamba neno lililotangulia katika jina la kanisa hilo ni malipizi. Mwenye kufanya malipizi hutoa cha kwake. Kanisa la kitubio likikamilishwa kwa kuvunja nyumba za watu, litakuwa limeongeza dhambi katika zile lilizokusudiwa kuzilipia.

Ni wajibu wa waendelezaji kumalizia lile ambalo kanuni za marehemu zinawawezesha kulimalizia, kuziacha alama za mikono yao zionekane, na kuuacha uso wa utukufu bila ngazi ikiwa ngazi inadai nyumba. Mwanafunzi wa fasihi atakayepewa kesho muswada wa mtunzi aliyefariki auhariri, naye atakabiliwa na maswali hayo hayo: mtunzi aliacha kanuni gani, ni wapi kanuni hizo zinakwisha, na ni nani atakayelipia neno litakaloongezwa. Iwapo hana majibu, ni heri auchapishe muswada na pengo lake.